Bimkubwa kapasuliwa uti wa mgongo, siku ya kumi sasa usiku anaweweseka. Hii ni kawaida kweli?

Mtoto wa Temboni (saa 6:10 usiku)

Wakuu poleni na majukumu. Naandika saa hizi maana mama ndo kwanza kanyamaza na sina uhakika kama kalala au kachoka tu.

Bimkubwa ana miaka 74, presha anayo miaka mingi, sukari hana. Mwaka mzima uliopita alikuwa akitembea kutoka nyumbani hadi dukani kwa Mangi anasimama mara tatu, miguu inawaka moto mpaka inakufa ganzi, akiinama akaegemea fimbo anapata nafuu akinyooka tu kinarudi kilekile. Tukapiga MRI, ile mashine ya picha za ndani ya mwili, wakasema ule mfereji wa uti wa mgongo umebana huku chini kiunoni, pingili ya nne na ya tano. Wakamfungua wakapunguza mfupa ili mishipa ipumue, vyuma hakuwekewa. Leo ni siku ya kumi, nyumbani siku ya nne.

Sasa kule wodini usiku wa pili alianza kumwita marehemu baba, akataka kuchomoa dripu, mara anasema chini ya kitanda kuna kuku tumtoe. Sista wa zamu akasema kwa wazee hiyo inatokea sana baada ya opereshen msiogope, na kweli siku ya nne akarudi kawaida kabisa. Tumemleta home yuko freshi, anakula, anamtania wifi yangu kwamba chai yake haina majani. Afu juzi usiku imeanza upya na safari hii ni zaidi. Usiku anataka kuwahi treni ya Tabora, anatuambia tumfungashie na tuache uzembe, ukimwambia mama hapa ni Kimara anakasirika anakuangalia kama mwizi. Mchana ndo anasinzia, ukimwita anaitika abee afu anarudi kulala, chakula vijiko vitatu basi.

Dawa alizorudi nazo ni tramadoli mara tatu na diklofenaki, zote za maumivu, ya tumbo, na zake za presha ambazo moja ni ile ya kukojosha. Mshono nimeuangalia mkavu, homa kwa kumpapasa hana. Choo kikubwa hajapata tangu siku anatoka hospitali.

Ndani ya nyumba kila mtu na lake. Shangazi anasema ni mashetani yamepata mlango aletwe mtu amsomee, kaka anasema ni nusu kaputi bado iko kichwani itaisha yenyewe. Kliniki ya kutoa nyuzi ni wiki ijayo. Nisubiri au nimrudishe?

Baharia Mstaafu (saa 6:31)

Pole mkuu ila na nyie mzee wa miaka 74 mnampasua mgongo wa nini? Mgongo ukishaguswa umeguswa. Jirani yetu huku Mbagala alipasuliwa mpaka leo yuko kitandani. Mngemkanda na mafuta ya nyonyo angekuwa anatembea na fimbo yake taratibu.

Nesi wa Zamu (saa 6:40)

Mdogo wangu pole sana. Kabla sijasema lolote nijibu haya haraka na usione aibu. Mkojo unatokaje, anaomba kwenda au unajitokea? Miguu yote anainua mwenyewe akiwa amelala? Huku chini anapokalia, katikati ya mapaja na sehemu za siri, ukimgusa anasikia au kumekufa ganzi? Na la mwisho, kuna mtu humo ndani anampa kidonge chochote ambacho hakikuandikwa na daktari, hasa usiku?

Mtoto wa Temboni (saa 6:58)

Asante dada umenishtua. Mkojo unatoka kidogo kidogo, siku mbili hizi tunamvalisha pampas maana analowana kila saa, tulijua ni uzee na uchovu. Miguu anainua yote nimemjaribu sasa hivi kanirushia teke. Hilo la ganzi nimemwamsha wifi amuulize, anasema anasikia kama kawaida ila tumbo la chini likishikwa analalamika na limejaa kama ngoma.

Kuhusu kidonge… wifi kakiri. Tangu juzi anampa Piriton mbili usiku ili alale maana alikuwa anasumbua kugeuka geuka. Yeye kila akipata mafua akinywa analala vizuri akaona haina madhara.

Nesi wa Zamu (saa 7:05)

Mwamshe kaka, tafuteni gari, nendeni sasa hivi. Usingoje asubuhi na usingoje kliniki.

Mkojo wa kutoka kidogo kidogo huku tumbo la chini limejaa si kwamba anakojoa sana, ni kwamba HAKOJOI. Kibofu kimejaa kimefurika kinamwagika pembeni kama pipa la maji lililosahaulika bombani. Kwa mtu aliyepasuliwa kiuno hilo lina maelezo mawili. La kwanza ni dawa na choo kilichokwama. La pili ni damu au usaha umejikusanya ndani unabana ile mishipa ya chini inayoendesha kibofu, haja kubwa na miguu, na hilo likiwa ndilo kila saa inayopita ni hasara ambayo hairudi. Kusikia mguso na kurusha teke ni dalili nzuri lakini mimi siwezi kukuambia kwa simu kwamba ni la kwanza, wala wewe. Apimwe na daktari. Mpe taarifa kwa maneno haya haya, mama kapasuliwa uti wa mgongo siku kumi zilizopita, mkojo umefunga, amechanganyikiwa. Usianze na habari ya kuku na treni utawekwa benchi mpaka alfajiri.

Gari iwe ya kulaza siti, alale kwa ubavu. Bajaji hapana, matuta yale. Beba na dawa zote kwenye mfuko mmoja pamoja na hizo Piriton.

Nesi wa Zamu (saa 7:34)

Wakati mwenzetu yuko njiani niseme kidogo kwa wengine maana naona mnasoma kimya kimya na nina hakika nusu yenu mna mzee ndani.

Mzee akichanganyikiwa baada ya opereshen, kichwa kinapiga kengele kwamba kuna kitu mwilini kimeharibika. Mashetani hapana, na wala si kwamba kaanza usahaulifu wa uzeeni ndani ya siku mbili, ule huja kwa miaka. Hii huja ghafla, inapanda na kushuka, jioni na usiku ndo mbaya. Na kuna ya aina mbili, yule anayepiga kelele na kuchomoa dripu kila mtu anamwona, ila yule anayesinzia kutwa hali chakula watu wanasema mwacheni apumzike, kumbe ndo anayezama. Mama wa huyu mwenzetu anazo zote mbili.

Kinachoiwasha ni vitu vya kawaida kabisa, maumivu yasiyotulizwa, au kinyume chake dawa za maumivu zenye nguvu zimezidi, maji kupungua mwilini na joto hili la Dar, mkojo wenye wadudu hasa kama alikaa na mpira wa mkojo siku nyingi, kichomi, choo kukwama, chumvi ya damu kushuka, kukosa usingizi. Mzee anaweza kuwa na maambukizi mazito na homa hana, na kupapasa kipaji cha uso si kupima, kipimajoto duka la dawa kinapatikana.

Sasa Piriton. Wakuu Piriton kwa kijana ni usingizi, kwa mzee ni kitu kingine kabisa. Inakausha mdomo, inafunga choo, inafunga mkojo na inavuruga akili. Iweke juu ya tramadoli ambayo nayo inafunga choo na inalewesha, umemaliza. Na diazepamu, ile ya kutuliza na usingizi, msimpe kwa kichwa chenu, inamtuliza lisaa afu anaamka amevurugika zaidi na akinyanyuka anaanguka. Diklofenaki nayo kwa mzee wa presha anayetumia na dawa ya kukojosha, figo zinaumia kimya kimya, hiyo muulizeni daktari kama lazima iendelee.

Wifi asilaumiwe lakini. Kamlea mgonjwa usiku tatu hajalala, nani alimwambia wakati wa ruhusa kwamba hiki usimpe? Sisi huwa tunamkabidhi ndugu karatasi na mfuko wa dawa basi, nasema na mimi nikiwemo.

Dada wa Tegeta (saa 1:15 asubuhi)

Nimeamka na hii, Mungu amsaidie bimkubwa. Mshua wangu alipasuliwa akiwa na 69 naye tulipata letu, naandika maana halifanani na hilo na mtu anaweza kulikosa.

Yeye kichwa chake kilikuwa kizima kabisa, anafuatilia mpira na kutukana marefa. Ila siku ya tano akikaa tu anapata kichwa cha kupasuka mpaka anatapika, akilala chali kinaisha ndani ya dakika chache. Tukasema ni presha, tukapima presha mara kumi kwa siku, iko sawa. Afu mama akagundua shuka limelowa mgongoni, si damu si usaha, maji tu meupe kama ya dafu. Tulidhani jasho!! Feni ilikuwa imekatika umeme usiku kucha kwa hiyo tukaona sawa tu.

Kumbe ule mfuko unaofunika mishipa ya uti wa mgongo ulipata kitundu wakati wa upasuaji na maji ya ubongo yalikuwa yanavuja kupitia mshononi. Daktari alitueleza kwa wazee ule mfuko unakuwa laini na umeshikana na mfupa uliokua ovyo, kuchanika kunatokea hata mkono ukiwa mzuri, na mara nyingi huonwa pale pale ukashonwa, wake haukuonekana. Wakamrudisha wakaushona na akalazwa kitandani siku kadhaa. Walivyosema kinachoogopwa ni wadudu kupita hapo hapo kupanda kwenye uti na ubongo, miguu iliniisha nguvu mimi. Anatembea sasa. Mpira bado anatukana.

Baharia Mstaafu (saa 1:40)

Si ndo yale yale nayosema. Bora mzee angebaki na maumivu yake.

Dada wa Tegeta (saa 1:52)

Kaka yangu heshima yako, ila mshua kabla ya hapo alikuwa hawezi kusimama dakika tano akinyoa ndevu, anakaa kwenye stuli. Mafuta ya nyonyo tulipaka ndoo nzima. Mfupa umebana mshipa kwa ndani mafuta yanafikaje huko? Hatari zipo hakuna anayekataa, na sisi tungeambiwa mapema nini cha kuangalia tusingepima presha siku mbili bure.

Fundi Viungo (saa 2:20)

Mimi ni mtu wa mazoezi ya viungo, naongezea upande wangu ambao naona watu huuruka.

Mzee akilala sana baada ya opereshen ya mgongo ndo matatizo yanapanga foleni. Mapafu yanajaa makohozi anapata kichomi, damu inaganda kwenye mashavu ya miguu huku nyuma chini ya goti na kipande kikiondoka kikaenda kwenye mapafu mtu anakata pumzi ghafla, makalio na visigino vinaoza vidonda, misuli inayeyuka, kichwa nacho kinavurugika. Kwa hiyo kama daktari hajakataza (kama huyo mshua wa Tegeta ambaye alitakiwa alale), mzee akae, asimame, atembee kidogo mara nyingi. Dakika tano asubuhi, mchana, jioni ni bora kuliko nusu saa moja ya kumuua. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma kuliko mwenzake usilichue!! Hilo la kuchua naliona sana, mjukuu anamkanda bibi mguu uliovimba kwa nguvu zote. Acha, peleka hospitali.

Kumtoa kitandani msimvute mikono. Anakunja magoti, anageuka ubavu mwili mzima kwa pamoja kama gogo, bega na nyonga zisipishane, anashusha miguu nje ya kitanda huku anasukuma kwa kiwiko. Anakaa kwanza dakika moja mbili kabla ya kusimama maana wazee wa presha wakinyanyuka ghafla damu inashuka wanaanguka, na mzee wa mgongo akianguka mnaanza safari upya.

Afu choo. Hapa Dar nyumba nyingi choo cha kuchuchumaa, na mtu kapasuliwa kiuno juzi atachuchumaaje? Anajibana. Anakunywa maji kidogo ili asisumbue watu. Hapo ndo choo kinafunga na mkojo unafunga afu tunashangaa. Wazee wanaona aibu kuliko tunavyojua, mama yako hatakuambia mwanangu nipeleke chooni mara sita, atapunguza kunywa. Chukua kiti cha plastiki imara toboa katikati, au mpe fundi wa kuchomelea achome fremu ya bomba yenye sehemu ya kushikia, chini ndoo. Sofa za kuzama marufuku, mwekee kiti cha kawaida chenye mikono.

Mtoto wa Temboni (saa 11:05 jioni)

Wakuu nimerudi. Samahani kwa ukimya simu iliisha chaji na mimi mwenyewe nimeisha.

Tulifika kama saa nane usiku, nikasema yale maneno kama nilivyoelekezwa na kwa kweli hatukukaa benchi. Daktari kijana akampapasa tumbo akaita mpira wa mkojo hapo hapo, umetoka lita moja na ziada. Nilisimama naangalia ule mfuko unajaa nikajisikia vibaya sana maana siku mbili nzima tulikuwa tunabadilisha pampas tunasema leo mama anakojoa vizuri.

Wakampima miguu, vidole, wakamchoma choma na kitu chenye ncha huku chini na kuangalia njia ya haja kubwa kama inabana, wakasema mishipa inajibu. Hata hivyo asubuhi wakapiga MRI nyingine ili wasibahatishe, hakuna kinachobana. Ila mkojo una wadudu, na chumvi ya damu imeshuka 124 wakati wanataka isipungue 135. Wanasema ile dawa ya presha ya kukojosha pamoja na kutokula ndo zimeishusha na tramadoli nayo imo. Wamesimamisha ya kukojosha, tramadoli, diklofenaki na Piriton bila shaka, wamemwekea antibayotiki ya mshipa, na chumvi wanaipandisha taratibu wanasema ikipandishwa haraka ubongo unaumia. Maumivu anapewa parasetamoli kwa saa zake. Choo amewekewa dawa ya nyuma, kimefunguka mchana, wodi nzima imejua.

Bado yuko nusu nusu. Saa nne asubuhi kaniuliza treni ilituacha? Nikamwambia ndio mama. Akasema uzembe wenu.

Nesi wa Zamu (saa 11:30)

Alhamdulillah. Na umefanya vizuri kutobishana naye kuhusu treni. Msibishane na msicheke, mwambie upo naye, yuko hospitali, leo ni siku fulani, basi. Usitegemee akili irudi leo leo, chanzo kikitibiwa kichwa kinachelewa nyuma, wengine siku chache wengine wiki kadhaa. Mpelekee miwani yake na meno yake kama anayo, mzee asiyeona vizuri usiku kila koti lililoning'inia ni mtu. Mchana akae dirishani, usiku kelele zipungue. Wageni wapunguze, watu kumi na wawili wa jumuiya wakisimama kitandani wote wanaimba anazidi kupotea. Mtu mmoja anayemjua vizuri anatosha.

Ulizia mpira wa mkojo utatoka lini, usikae tu kwa sababu ni rahisi kwa wauguzi. Ukitolewa wahakikishe anakojoa mwenyewe na kibofu kinakwisha kabla hamjaondoka.

Mkirudi nyumbani angalieni mshono kila siku. Maambukizi ya mshono mara nyingi hujitokeza wiki ya pili ya tatu huko, watu wameshajiachia. Ukianza kuvimba, wekundu, joto, usaha, au maumivu ya mgongo yaliyokuwa yanapungua yakaanza kupanda tena, mrudisheni.

Mtoto wa Temboni (saa 12:10 jioni)

Sawa dada. Wifi kalia sana leo, nimemsomea ulichoandika kuhusu kutomlaumu ndo akala. Shangazi yeye bado anasema tumsomee, nimemwambia asome ila pale kitandani asimpe maji ya kunywa ya aina yoyote, amekubali.

Chakula akirudi tumpe nini?

Nesi wa Zamu (saa 12:25)

Anachopenda, kidogo kidogo mara nyingi. Kidonda kinahitaji vyakula vya kujenga mwili, mayai, dagaa, samaki, maharage yaliyoiva vizuri, mtindi kwenye uji wa ulezi. Papai na mboga za majani kwa ajili ya choo. Maji na chumvi mwulizeni daktari kabla hajaruhusiwa, maana kwa chumvi iliyoshuka kila mtu atakuja na ushauri, mmoja atasema anywe lita tano mwingine atasema alambe chumvi, na zote mbili zinaweza kumrudisha hapo hapo. Na arudi kliniki kupima damu tena.

Baharia Mstaafu (saa 12:48)

Mkuu nafurahi mama kapata nafuu. Niulize kitu, mama mkwe wangu ana 71 anatumia Piriton kila usiku mwaka wa tatu huu, na mkojo unamsumbua. Hajapasuliwa popote. Hiyo nayo inahusika?

Nesi wa Zamu (saa 12:55)

Inahusika sana. Fungua uzi wako, weka na dawa zake zote hapo.

Fundi Viungo (saa 1:20 usiku)

Mtoto wa Temboni, kile kiti cha choo kama unataka vipimo niambie urefu wa mama kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, nikutajie urefu wa kumwambia fundi. Wengi wanachomelea kifupi mno.

Mtoto wa Temboni (saa 1:34)

Kesho nampima mkuu, akilala. Akiwa macho atauliza kama nampima sanduku.